Kaunti, kawi jadidifu na kuokoa stima nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu serikali 47 za kaunti zianze kazi mwaka 2013, wakazi wamekuwa wakiuliza inakuwaje taa mpya za sola zizinduliwe sokoni kwa ngoma na hotuba, ilhali zahanati iliyo hatua chache kutoka hapo ina giza kwa sababu ya deni la stima. Jibu halipatikani mahali pamoja. Sehemu yake imo katika Katiba, sehemu imo katika bajeti, na sehemu kubwa imo katika mazoea ya viongozi wanaojua vyema kwamba mtambo mpya hupigwa picha na bili iliyopungua haipigwi.

Je, kawi ni jukumu la kaunti au la serikali ya kitaifa?

Ni jukumu la zote mbili, na hapo ndipo mvutano mwingi unapoanzia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa sera ya kawi, ikiwemo usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Jedwali lilo hilo, chini ya kifungu cha mipango na maendeleo ya kaunti, linazipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Maneno ni yale yale karibu neno kwa neno, jambo ambalo limewapa mawakili kazi na kuwapa maafisa wa pande zote kisingizio.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilijaribu kuutenganisha ugali na mboga. Leseni za kuzalisha umeme na bei ya kila uniti (yaani kilowati moja ikitumika kwa saa moja) zinabaki mikononi mwa taasisi za kitaifa, hasa mamlaka ya udhibiti, EPRA. Kaunti zimeachiwa kuandaa mipango yao ya kawi, kupanga matumizi ya ardhi katika maeneo yanayofaa mitambo ya jua, upepo na maji, kudhibiti biashara ya kuni, makaa na biogesi, na kuzirekebisha kanuni za kitaifa za kuokoa kawi ziendane na hali ya mahali. Kwa hiyo gavana anayeahidi kwenye jukwaa kwamba atashusha bei ya stima anaahidi kisicho chake, lakini anayesema kwamba makaa yanayopita barabara za kaunti yake hayamhusu anakana kilicho chake.

Kuchanganyikiwa huku kunaonekana pia kwa wananchi. Watu wengi hudhani kwamba mtambo wa sola wa Garissa wa takriban megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ni mali ya kaunti hiyo kwa sababu umebeba jina lake, ilhali ni mradi wa serikali ya kitaifa kupitia shirika la kusambaza umeme mashambani na kawi jadidifu, REREC.

Serikali za kaunti zinaunga mkono kawi jadidifu kwa dhati, au ni maneno ya jukwaani?

Inategemea kaunti inaumia wapi. Katika kaunti kame za kaskazini, uungaji mkono ni wa dhati kwa sababu unatokana na hesabu za gharama. Kisima cha maji kinachoendeshwa kwa jenereta kinahitaji dizeli inayosafirishwa mwendo mrefu, fundi wa kubadilisha oili na vipuri, na mtu mwaminifu wa kulinda mafuta yasiuzwe njiani. Kiangazi kinapokaza, ndipo jenereta inapofanya kazi usiku na mchana na ndipo inapoharibika. Kisima kikiwekewa paneli za jua, gharama ya mafuta hutoweka, na kwa kuwa maji hupampiwa mchana na kuhifadhiwa tangini, hakuna haja kubwa ya betri: tangi lenyewe ndilo betri. Afisa wa maji wa Wajir au Turkana hahitaji semina ya mabadiliko ya tabianchi ili aelewe jambo hilo.

Kaunti 14 zilizokuwa nyuma zaidi kwa miundombinu, zikiwemo Mandera, Marsabit, Samburu, Tana River, Lamu, Kwale na West Pokot, zimo pia katika mradi wa sola nje ya gridi unaojulikana kwa kifupi KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150. Humo kazi ya kaunti ni kutafuta ardhi, kutaja vituo vya afya na visima vinavyohitaji umeme, na kuwaandaa wakazi.

Hali ni tofauti katika kaunti ambazo gridi imefika. Huko afisa anaweza kukujibu, na kwa haki, kwamba karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hivyo hospitali yake inatumia kawi safi kila inapowasha taa. Jibu hilo ni sahihi, lakini linaficha swali la pili, yaani ni kiasi gani cha umeme huo kinapotea bure na nani analipa.

Mpango wa kawi wa kaunti ni nini, na una maana gani kwa mkazi wa kawaida?

Sheria ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri wa kawi, ili mipango yote iunganishwe kuwa mmoja wa taifa. Mpango mzuri huanza kwa kuuliza watu wanahitaji nini kabla ya kuuliza mtambo gani ununuliwe: wachuuzi wa maziwa wanahitaji baridi, zahanati inahitaji friji ya chanjo, kinu cha posho kinahitaji nguvu ya kusaga, na mama wa nyumbani anahitaji moto wa kupikia. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizotayarisha mpango wa namna hiyo, unaoanzia mwaka 2023 na kufika 2032.

Tatizo ni kwamba mpango wa kawi peke yake hautoi hata shilingi moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu fedha za umma zitengwe nje ya mfumo wa mipango ya kaunti, na kitabu kinachofuatwa na wanaoandika bajeti ni ule Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, CIDP, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ukitaka kujua kama kaunti yako inachukulia kawi kwa uzito, acha kwanza jalada la mpango wa kawi na uusome CIDP. Aghalabu utakuta kawi imebanwa pamoja na barabara, nyumba au madini, na mgao wake wote umeandikwa kwa mstari mmoja wa taa.

Mbona kila wadi inataka taa za barabarani?

Kwa sababu taa zinafanya kazi. Mlingoti mrefu ambao watu wameubatiza mulika mwizi huongeza saa za biashara, humrudisha mama mboga sokoni jioni, na huwapunguzia vibaka mahali pa kujificha. Mwakilishi wa wadi akiomba mradi mmoja ambao wapiga kura wote watauona usiku ule ule unapokamilika, ataomba taa. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo.

Lawama ziko kwenye yanayofuata uzinduzi. Taa iliyounganishwa kwenye gridi huanza kulimbikiza bili usiku wa kwanza, na mara nyingine aliyeisimamisha si yule atakayeilipia, kwa maana taa zilizojengwa kwa fedha za kitaifa zimeishia kuhesabiwa katika bili za kaunti. Taa ya sola haina bili, lakini ina betri, na betri ina umri. Katika soko moja ninalolifahamu, taa za sola zilimeta miaka miwili, zikaanza kuzima saa tatu za usiku, na kufikia mwaka wa nne nguzo zilikuwa zinatumika kufungia turubai za wachuuzi. Hakuna aliyeiba kitu. Bajeti ilikuwa na fedha za kununua na haikuwa na fedha za kutunza, basi.

Kwa nini kuokoa stima hakuzungumzwi sana kama sola?

Hili ndilo swali ambalo maafisa hulipita haraka. Sababu ya kwanza ni kwamba kuokoa hakuna utepe wa kukata. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni namna fedha za umma zinavyogawanywa. Bili ya stima hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, ilhali vifaa vipya hununuliwa kwa fedha za maendeleo, ambazo kisheria hazipaswi kupungua chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti. Idara inayojitahidi kupunguza bili haiachiwi kile ilichookoa. Kinarudi kwenye mfuko mkuu, na mwaka unaofuata mgao wake unaweza kupunguzwa kwa hoja kwamba haukuhitajika. Mtu akiadhibiwa kwa kubana matumizi, atajifunza kutobana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Taa ya zamani ya sodiamu ya wati 250 inaweza kuondolewa na mahali pake ikawekwa ya LED ya wati 100 hivi. Karibu na ikweta usiku una saa 12, kwa hiyo taa huwaka saa 4,380 kwa mwaka, na wati 150 zilizopunguzwa zinakuwa uniti 657 kwa kila nguzo. Mji wenye nguzo 1,000 za namna hiyo ungeacha kulipia uniti 657,000 kila mwaka bila kuzima taa hata moja.

Mahali pengine pa kutazama ni kampuni za maji zinazomilikiwa na kaunti. Kupampu maji kunakula stima nyingi, na pwani wanalifahamu hilo kwa sababu maji ya Mombasa na Kilifi hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Baricho, ambako mashine husukuma maji mwendo mrefu. Kwa jumla nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni hizi hayalipiwi, kwa kuwa yanavuja, yanaibwa au mita hazisomi. Kila lita iliyovuja ilikwisha kulipiwa stima ya kuipandisha. Fundi anayeziba mfereji uliopasuka anaokoa kawi kama yule anayefunga paneli paani, ingawa hakuna anayemwita mtaalamu wa kawi.

Kuhusu majengo, Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012 zilitaka kila kituo kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa matumizi ya kawi kila baada ya miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya uokoaji ulioonyeshwa na mkaguzi. Kiwango hicho ni sawa na uniti 15,000 kwa mwezi, ambacho hospitali kubwa ya kaunti yenye vyumba vya upasuaji, mashine za kufulia na mtambo wa oksijeni inaweza kukifikia. Hospitali huenda zikabadilika mapema kuliko ofisi, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2023 ya kufadhili uboreshaji wa vituo vya afya inaviruhusu vituo hivyo kubaki na mapato yao. Msimamizi anayelipa bili kutoka mfuko wake mwenyewe huiona kila taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana.

Mgogoro kati ya kaunti na Kenya Power unahusu nini?

Unahusu madeni ya pande mbili. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini, inazidai kaunti bili za taa, ofisi na hospitali, nazo kaunti zinaidai kampuni ada za kupitisha nyaya na kusimamisha nguzo katika ardhi ya umma. Februari 2025 mvutano huo ulifika mahali pa aibu jijini Nairobi: City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ilikatiwa stima, na malori ya kaunti yakamwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni. Kaunti ilitaja deni la ada la takriban shilingi bilioni 4.9, nayo kampuni ikataja bili za takriban shilingi bilioni 3.

Kisheria, taasisi ya umma haiwezi kutoza ushuru miundombinu ya umma ya kawi bila idhini ya waziri, na kampuni imekuwa ikisema kwamba ada hizo zikilipwa zitamwangukia mteja kwenye tokeni. Kaunti nazo hujibu kwamba ardhi ni yao kuisimamia na kwamba kampuni nyingine za kibiashara zinalipa. Kwa maoni yangu, kaunti ina hoja kuhusu ardhi lakini inaidhoofisha kila inapoacha kulipa bili isiyobishaniwa.

Mitambo mikubwa ikijengwa kwetu, kaunti na wakazi wanapata nini?

Kwa mvuke wa ardhini jibu limeandikwa. Sheria ya Kawi inagawa mrabaha wake, yaani malipo ya kutumia rasilimali hiyo, hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Kwa upepo na jua sheria hiyo haina mgao wa aina hiyo, na miswada ya kugawana faida ya maliasili imekuwa ikiingia na kutoka Seneti kwa miaka. Ndiyo maana msimamo wa kaunti kuhusu upepo hubadilika kufuatana na mazungumzo ya ardhi kuliko sayansi ya upepo.

Mfano unaofundisha zaidi uko Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana karibu na Loiyangalani una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya jamii enzi za baraza la kaunti la zamani, kabla ya ugatuzi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja wa kusahihisha kasoro. Wakati huo mitambo ilikuwa imekwisha kuzunguka miaka mitatu na umeme wake unafika Suswa kwa laini ndefu inayovuka jangwa. Serikali ya kaunti ya leo ikajikuta imerithi kesi ya uamuzi uliofanywa na madiwani waliokwisha kuondoka.

Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mambo yaliharibika kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Mradi wa megawati 60.8 ulikuwa na wafadhili, lakini wakulima wenye mashamba madogo hawakuridhishwa na maelezo kuhusu ardhi na fidia. Maandamano yalifuata, mtu mmoja akauawa mapema 2015, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Wapo waliosema wakazi walipinga maendeleo. Usemi huo hauwatendei haki, kwa sababu mkulima wa viazi mwenye ekari mbili ana kila sababu ya kumwuliza mgeni atasimamisha nini juu ya ekari hizo, na mwenye wajibu wa kuitisha kikao cha kumjibu ni kiongozi wake wa karibu.

Kuni na makaa vinahusiana vipi na kawi jadidifu?

Vinahusiana kuliko kitu kingine chochote, ingawa havitajwi kwenye uzinduzi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba hupikia kuni, asilimia 11.6 makaa na asilimia 23.9 gesi. Hili ndilo eneo ambalo kaunti ina mamlaka ya kweli, na ndilo inalolishughulikia kwa kigugumizi, kwa sababu makaa ni ushuru kwenye kizuizi cha barabarani na ni riziki ya wapiga kura.

Kitui ilichukua msimamo mkali. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara na usafirishaji wa makaa nje ya kaunti, na baada ya lori moja kuchomwa moto kukazuka ugomvi na viongozi na wafanyabiashara wa Kiambu. Nia ilikuwa kuokoa miti, na malalamiko ya Ukambani kuhusu misitu kuteketea yalikuwa ya haki. Lakini marufuku hayakumpa mchoma makaa kazi nyingine wala hayakumpa mpishi wa Nairobi jiko lingine. Kaunti inaweza kufanya jambo la kimya zaidi lenye manufaa: kuweka majiko sanifu yanayotumia kuni kidogo katika taasisi inazozisimamia yenyewe, kama vile vyuo vya ufundi, na kuwaandikisha wachoma makaa katika vyama vinavyopanda miti ya kukata.

Kaunti inapata wapi fedha za miradi ya kawi?

Nyingine hutoka kwenye bajeti ya kawaida, nyingine kwa wafadhili, na nyingine kwenye mifuko ya tabianchi. Makueni ilitangulia kwa kanuni zake za 2015 zilizotenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na Wajir ikafuata kwa sheria ya 2016 iliyotenga asilimia 2. Uzuri wa mifuko hii ni kwamba kamati za wadi ndizo zinazopendekeza miradi, na wafugaji wakiulizwa huanza na maji, hivyo sola huingia kijijini ikiwa imefungwa kwenye kisima.

Nikitaka kufunga sola paani kwangu, nahitaji ruhusa ya kaunti?

Fundi anapaswa awe na leseni ya EPRA, hilo ni la kwanza. Kaunti huingia upande wa ujenzi, kwa kuwa ndiyo inayoidhinisha ramani, basi anayejenga upya aoneshe paneli kwenye ramani tangu mwanzo na mwenye paa la zamani amwite mtu wa kupima kama mbao zitabeba uzito. Sheria ya 2019 inamruhusu pia mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa kubadilishana umeme na msambazaji, yaani kupeleka ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa katika bili, lakini huo ni mkataba na kampuni, si na kaunti.

Mkazi anawezaje kuishinikiza kaunti yake?

Kwa kufika wakati uamuzi bado mbichi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Anayesubiri hadi mwezi Juni anakuta kila shilingi imeshapangiwa kazi. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mkazi haki ya kupata habari na kuwasilisha ombi rasmi, na ombi zuri huwa fupi na lina namba: bili ya stima ya hospitali yetu ilikuwa kiasi gani mwaka jana, ukaguzi wa mwisho wa matumizi ya kawi ulifanyika lini, na ni fedha ngapi zimetengwa kubadilisha betri za taa zilizopo kabla ya kununua nyingine. Omba jibu la maandishi, na katika kikao cha wadi kinachofuata uende nalo.